Vijiti Vinne Mchangani

Jina langu ni Eufrazia, lakini watu huniita Mama Resti. Nina kasoro moja, na ninaisema mwenyewe kabla hujaambiwa na majirani. Mimi simwamini mtu upesi. Ukiniletea salamu, nitakuuliza umetumwa na nani. Mume wangu, Evance, hunicheka.

"Eufrazia," husema, "wewe hata kivuli chako utakidai kitambulisho."

Acha acheke. Nina sababu zangu.

Tunakaa chini ya milima ya Uluguru, karibu na mto. Nina bustani ya mchicha, figiri na nyanya. Bustani hiyo si ya Evance. Ni ya ukoo wetu. Kwetu Waluguru, ardhi ya ukoo hupita kwa akina mama. Bibi alimpa mama, na mama akanipa mimi. Nami nitampa binti yangu Restituta, aliyeolewa Mikese. Mama alipokuwa mgonjwa sana aliniambia neno moja tu: "Usiipoteze."

Shangazi yangu alikuwa na nyumba, huko alikoolewa. Siku moja walikuja watu wakachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu. Shangazi hakuuliza. Baadaye ukutani ikachorwa alama ya X nyekundu, na nyumba ikabomolewa. Leo shangazi amepanga chumba kimoja. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi nilitia maji siku nyingi.

Kila asubuhi wakati wa kiangazi mimi huteremka mtoni na ndoo mbili. Mbwa wetu, aitwaye Watasema, hunifuata miguuni. Wakati huo maji hupungua, na mchanga mweupe hubaki wazi, mpana kama uwanja wa shule. Hapo tunafua nguo na kuzianika. Mbuzi hupita kwenda kunywa maji. Siku ya Jumapili watoto hucheza mpira.

Asubuhi moja, Ijumaa ya mwezi wa nane, niliona vijiti vinne mchangani. Vilifungwa vitambaa vyekundu na kuzungushiwa kamba. Katikati hapakuwa na kitu, mchanga mtupu. Nikahesabu hatua kutoka pale mpaka tuta langu la kwanza. Zilikuwa hatua thelathini na tano.

Nikakumbuka nyumba ya shangazi.

Bibi Chausiku, jirani yangu, alikuwa akifua kando ya maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mama Resti. Umeviona?"

"Nimeviona. Nani kaviweka?"

"Binti mmoja mgeni, ana mtandio wa kijani. Anakaa kule kwenye mawe, anatazama huku kwa darubini. Halafu anaandika."

"Anaandika nini?"

"Nitajuaje mimi? Ila mtu hapimi mchanga kwa kuupenda mchanga."

Nilitua ndoo zangu nikaenda kwenye mawe. Kweli, alikuwepo. Alikuwa binti mwembamba, ana darubini shingoni na daftari magotini. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni binti wa nani?"

"Naitwa Hafidha. Nasoma chuoni, Mazimbu."

"Mazimbu ni mbali. Huku umefuata nini?"

"Nalinda mayai ya ndege, mama."

"Mayai yako wapi?"

"Pale, katikati ya vijiti."

Nikatazama. "Sioni kitu."

"Ndege ameyafunika kwa mchanga. Akiona watu, huyafunika kwanza, ndipo huondoka."

"Haya, twende ukanionyeshe."

Binti akasita. "Samahani, mama. Tusisogee. Wale kunguru pale mtini wanatutazama. Tukisimama juu ya mayai, watajua pa kuchimba."

Nikawatazama kunguru. Walikuwa wamekaa tu, kama kunguru wa siku zote.

"Kwa hiyo kunguru ndio wanakukataza?"

"Ndiyo, mama."

"Na hilo daftari? Unaandika nini humo?"

"Ah, ni kumbukumbu zangu tu." Akalifunga.

Hapo ndipo alipoharibu. Moyoni nikasema, mtu mwenye nia njema hafungi daftari.

"Nani kakuruhusu?"

"Mwenyekiti wa kijiji anajua, mama."

Mwenyekiti! Mwenyekiti alikuwa amekwenda msibani tangu Jumatano, na simu yake haikupatikana. Nikaona binti huyu ni mjanja. Amemtaja mtu ambaye siwezi kumuuliza.

Jioni nikamweleza Evance yote.

"Mwenyekiti atarudi keshokutwa," alisema. "Subiri umuulize."

"Keshokutwa bustani ya mama itakuwa na X!"

"Bustani ina ukuta wa kuchora X?"

"Usinitanie, Evance. Mayai yasiyoonekana! Yanalindwa na mtu asiyetaka kuyaonyesha! Wewe umeshaona wapi?"

Evance akaendelea kula bila kunitazama. Akifanya hivyo, ujue hakubaliani nami.

Kesho yake, Jumamosi, nilitangulia mtoni mapema. Nilibeba blanketi letu kubwa la kufua. Binti hakuwa amefika. Nikaenda moja kwa moja kwenye vijiti. Niling'oa cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne. Nikavivunja juu ya goti na kuvitupa majini. Loo, nilisikia raha! Nikafua blanketi langu. Halafu nikalitandaza palepale, katikati ya mahali palipozungushwa kamba. Nikaliwekea mawe manne kwenye pembe lisipeperuke.

"Hapa pana wenyewe," nilisema kwa sauti. "Kama kuna mayai, na yaseme."

Bibi Chausiku alicheka. "Mama Resti, wewe kiboko!"

Mara akatokea ndege mdogo, hazidi ngumi ya mtoto. Mgongo wake ulikuwa wa rangi ya mchanga, na tumbo jeupe. Alikimbia huku na huku akilia, "Twii! Twii!" Kisha akaanguka ubavu. Akawa anaburuta bawa moja chini, kana kwamba limevunjika. Watasema alipomwona akamfukuza mbio. Alipokaribia kumkamata, ndege akaruka mzima kabisa. Akatua mbele kidogo, akaanza tena kuburuta bawa.

"Maskini, kavunjika bawa," alisema Bibi Chausiku.

"Kavunjika wapi! Mbona anaruka?" nikasema. "Huyo anadanganya."

Unaona? Hata ndege nilimshuku. Na kweli alikuwa akidanganya. Lakini sikujiuliza anadanganya kwa nini.

Nilimwagilia bustani mpaka jua likawa kali. Ndege aliendelea kulia muda wote. Mchana nikarudi kuchukua blanketi. Lilikuwa limekauka. Nililiinua, na katikati, upande wa chini, nikaona doa la njano lenye unyevu.

Nikatazama mchangani. Yalikuwepo mayai mawili.

Yalikuwa madogo kuliko ya njiwa, yana rangi ya mchanga na michirizi myeusi. Ungeweza kupita mara kumi usiyaone. Moja lilikuwa limepasuka kabisa. La pili lilikuwa na ufa, na ndani ya ufa niliona kifaranga. Alikuwa hajakamilika, lakini mdomo wake tayari ulikuwa mdomo. Hakutikisika.

Mulungu wangu! Nilikuwa nimeyakanyaga mimi nilipokuwa nikitandaza blanketi, na blanketi zito la maji likamalizia.

Nyuma yangu nikasikia, "Shikamoo, mama."

Alikuwa Hafidha. Nilikunja blanketi haraka, doa likawa ndani.

"Mama, vijiti vyangu viko wapi?"

"Sijui," nikasema. "Labda watoto. Au mbuzi."

Nilidanganya. Mimi, ninayeshuku uongo wa dunia nzima, nilimtazama mtoto wa watu usoni nikamdanganya. Hafidha akapiga magoti. Aliyaona maganda. Hakupiga kelele wala kuuliza tena. Alinipa mgongo, na mabega yake yakatikisika. Ndege naye alikuwa bado anazunguka, "Twii! Twii!" Nikabeba blanketi langu nikaondoka.

Jioni Evance alilikunjua blanketi kitandani.

"Doa la nini hili?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atacheka kama kawaida yake. Hakucheka.

"Kesho utakwenda kumwambia kweli," alisema.

"Nitakwenda," nikajibu. Usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwenye mawe. Hafidha alikuwepo. Nilikaa chini karibu naye.

"Binti yangu, si watoto wala si mbuzi. Ni mimi."

"Najua, mama."

"Umejuaje?"

"Niliona alama za mawe manne mchangani. Na nyuzi za blanketi."

"Sasa mbona hukusema?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuogopa. Tangu juzi unanitazama kama mwizi."

Nikamsimulia habari za shangazi, vijiti na ile X. Nikamwambia ile bustani ni ya mama yangu, na alichoniambia. Hafidha akashika mdomo.

"Kumbe ni vijiti ndivyo vilivyokutisha! Mama, mimi nami nimekosea. Nilimwambia mwenyekiti tu. Nilipaswa kupita nyumba kwa nyumba, niwaeleze wenyewe wa hapa."

"Ungepita kwangu, ningekupa uji."

"Ungeniuliza kitambulisho kwanza," alisema, na tukacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Kisha nikamuuliza, "Yule ndege ni nani hasa?"

"Anaitwa kitwitwi. Hajengi kiota mtini. Hutaga mchangani, mahali pa wazi, wakati maji yamepungua. Mayai yake yanafanana na mchanga, na hiyo ndiyo silaha yake."

"Na lile bawa?"

"Anajifanya ameumia. Anataka adui amfuate yeye, ayaache mayai. Ukimwona anaburuta bawa, ujue mayai au vifaranga wako karibu. Usimfuate. Simama, tazama miguu yako, halafu rudi kwa kukanyaga nyayo zako zilezile."

Nikakumbuka nilivyomwita mwongo. Alikuwa mama anayelinda mali yake.

"Lakini nisingeyakanyaga, blanketi tu lingeyadhuru?" niliuliza.

"Hata bila blanketi, mama. Mtu akikaa pale tu, ndege hawezi kurudi. Jua la saa sita linachoma mchanga mpaka unaunguza mguu, si ndiyo? Yai lisipokingwa, hupikika. Mbwa naye, hata asipoyala, humfukuza ndege kutwa nzima."

"Watasema mwaka mzima anawafukuza," nikasema. Nikaona aibu kwa niaba ya mbwa.

"Watataga tena?" nikauliza.

"Wakiachwa watulie, huenda. Muda bado upo kabla ya mvua za vuli."

Nikatazama daftari. Safari hii sikuuliza. Labda aliniona, kwa sababu alilifungua mwenyewe akaniwekea magotini. Mimi nasoma polepole, kwa kidole. Nikasoma:

*Saa moja asubuhi. Mama mwenye bustani amepita na ndoo. Amefuata njia ya majani. Mbwa yuko miguuni pake. Ndege hakuondoka kwenye mayai.*

Nikafungua ukurasa mwingine. *Saa moja. Mama wa bustani amepita. Ndege hakuondoka.* Na mwingine. *Mama amepita. Ndege hakuondoka. Watu wengine wakipita huruka, lakini huyu mama amemzoea.*

"Hizi ni siku ngapi?"

"Zaidi ya wiki mbili. Vijiti nilivichomeka Alhamisi jioni, baada ya kuona mbuzi wanasogea."

Wiki mbili ananitazama, nami na macho yangu haya sikumwona! Lakini si hilo lililonichoma. Wakati mimi ninamshuku kila mtu, kiumbe mmoja alikuwa ananiamini, nami nikamtandazia blanketi. Nililia pale kwenye mawe, wala sikuona haya.

Mwenyekiti aliporudi, alithibitisha kwamba alipewa taarifa. Akatuita watu tunaotumia mto tukutane palepale. Hafidha alieleza kama alivyonieleza mimi. Bibi Chausiku hakuridhika.

"Sasa nguo tuanike wapi? Hewani?"

"Kwenye kamba, bibi," alisema Evance. "Nitafunga waya kati ya ile miti miwili. Nguo hazitakuwa na mchanga tena."

"Na maji tuchote wapi?"

"Tutapita njia moja tu, ile ya majani," nikasema. "Mchanga wa juu tuuache mpaka mvua inyeshe. Watoto wachezee mpira ng'ambo, kwenye nyasi."

"Mh! Makubwa! Sasa ndege ndiye mwenyekiti," alisema Bibi Chausiku. Watu wakacheka. Lakini kesho yake nguo zake ndizo zilizotangulia kwenye waya.

Watasema nilimfunga kamba nyumbani kila asubuhi, mpaka nimalize kumwagilia. Alilalamika siku tatu, kisha akazoea. Mbuzi wakapitishwa chini, penye mawe. Njia ya majani ni ndefu, na ndoo mbili zina uzito. Nilinung'unika, sisemi uongo. Lakini nilizunguka.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kila siku nilimuuliza Hafidha, "Wametaga?" Kila siku alijibu, "Bado, mama." Nikaanza kuamini kwamba nimewafukuza kabisa.

Katikati ya mwezi wa tisa nilikwenda kupalilia ukingo wa bustani yangu. Pale mwisho, upande wa mto, pana kipande cha mchanga na changarawe. Nilikuwa nimepanga kupalima niongeze tuta la nyanya. Nilipoinua jembe tu, nikasikia, "Twii!"

Ndege alikuwa mbele yangu, anaburuta bawa.

Nikaganda. Nikashusha jembe polepole. Nikatazama miguu yangu, halafu nikarudi nyuma kwa nyayo zangu, moja baada ya nyingine. Nilikwenda mbali, nikakaa nikatazama. Ndege akatulia, akakimbia kidogo, akasimama. Kisha akakaa chini, palepale kwenye ardhi ya mama yangu.

Nilirudi nyumbani mbio. Lile blanketi lenye doa nilikuwa sijalitumia tena. Nilikata pembe yake vipande vinne.

"Unakata blanketi?" Evance alishangaa.

"Nikatie vijiti vinne," nikamwambia.

Hafidha alinionyesha umbali wa kuweka. Vijiti nilivifunga vile vipande vya blanketi, nikavichomeka mwenyewe, haraka, kisha tukaondoka ndege arudi. Tuta la nyanya likasubiri. Asubuhi yake Bibi Chausiku alikuja mbio, khanga inamvuka.

"Mama Resti! Vijiti kwenye shamba la ukoo! Umeuza?"

"Thubutu! Nimelinda mayai, bibi."

"Yako wapi? Sioni kitu."

"Yamefunikwa mchanga."

"Nionyeshe basi."

"Siwezi, bibi. Kunguru wanatutazama."

Alinitazama kwa jicho moja la pembeni. Jicho hilo nalijua, ni langu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikamkalisha, nikamweleza taratibu tangu mwanzo, kama ambavyo mimi ningependa kuelezwa.

Mwezi wa kumi ulipoanza, Hafidha alirudi chuoni kufanya mitihani. Kabla hajaondoka aliniwekea daftari mkononi.

"Mama, utaniandikia?"

"Mimi? Mwandiko wangu ni wa kuku!"

"Ndege hatausoma," alisema.

Basi nikaandika. Kila asubuhi nilipita njia ya majani na ndoo zangu, nikakaa kwenye mawe, nikaandika herufi moja moja. *Saa moja. Mimi Eufrazia nimepita. Ndege ameondoka.* Siku ya pili vilevile: *Ndege ameondoka.* Siku ya tatu, *ameondoka.* Nilistahili. Siku ya nne nilipita taratibu zaidi, sikumkodolea macho. Nikafika kwenye mawe, nikageuka. Alikuwa amekaa palepale.

Nikaandika: *Ndege hakuondoka.*

Siku ya kumi na moja wakatoka vifaranga wawili. Walikuwa wadogo kama pamba mbili zenye miguu. Saa chache tu baadaye walikuwa wakikimbia. Mama yao aliwatangulia, wakaingia kwenye mchicha wangu kutafuta wadudu. Mmoja alisikia hatua zangu akalala kifudifudi, kimya, kama amekufa. Nilijua hajafa. Anajificha. Sikumgusa. Nilisimama na ndoo zangu mbili zilizojaa, mikono ikiuma, mpaka mama yake alipomwita akaenda zake.

Nikaenda kwenye mawe kuandika. Bibi Chausiku akanifuata, kiuno kimeinama, anachungulia.

"Kila siku unaandika, unaandika. Unaandika nini humo?"

Sikulifunga daftari. Nilisogea, nikampa nafasi akae, nikamsomea.